Jino la Nyuma la Wifi Yangu

Wifi yangu alipandikiziwa jino la nyuma kabisa, la juu upande wa kulia, huko ambako hata yeye mwenyewe halioni mpaka avute shavu kwa kidole na kusogea kwenye kioo. Mimi wakati huo sikuwa na meno mawili ya mbele. Naanza na hilo ili ijulikane mapema kwamba nilikuwa na haki ya kuona kijicho, na kwamba hata kama haki sikuwa nayo, kijicho ningekiona tu.

Tulikuwa Dubai. Yeye ndiye dada mkubwa wa mume wangu, mtu wa Unguja, na alikuwa ameolewa zamani katika familia ya Kizanzibari iliyohamia huko tangu enzi za baba mkwe wake. Walikaa Al Baraha, ghorofa ya tatu, katika jengo la kizamani lisilo na lifti. Mimi ni wa Tanga. Nilimfuata mume wangu mwaka 2012. Yeye alikuwa akifunga mizigo ya wafanyabiashara wa soko la Naif wanaopeleka nguo na vyombo Dar na Mombasa. Tulipanga chumba kimoja Karama, ndani ya fleti tuliyogawana na Wafilipino watatu na mume na mke wa Kihindi. Kazi yangu ilikuwa kuchora hina. Nilichora mabwana harusi wasiotaka kujulikana, nilichora watoto wa Idi, lakini riziki yangu hasa ilikuwa mabibi harusi wa hizo familia zetu za pwani, ambazo kule Dubai zinajuana zote kama watu wa mtaa mmoja.

Meno yangu yalitoka kwenye ngazi za wifi.

Ilikuwa siku ya arubaini tangu azaliwe mjukuu wake. Mimi nilipewa pilau, kwa sababu watu wa Tanga pilau tunaijua na Waunguja wanajua kwamba tunaijua. Niliipika Karama, nikaitia sufuria kwenye teksi, nikafika Al Baraha nimeikumbatia mbele yangu. Wifi alikuwa ameosha ngazi kwa ajili ya wageni. Alizimwagia maji ya sabuni na hakuzisuuza vizuri. Kwenye ghorofa ya pili mguu wangu ulikwenda, na katika kufumba na kufumbua nilikuwa na jambo la kuamua: niachie sufuria nijishike, au niishike sufuria. Nimelelewa na mama aliyekuwa akituambia kwamba chakula cha shughuli ni amana ya watu, na mwenye kukimwaga hawezi kukilipa. Niliishika sufuria. Uso ukashuka kwenye ukingo wa ngazi.

Wifi alitoka mbio kwa kishindo kile. Kitu cha kwanza alichokitazama, nawaapia, kilikuwa sufuria.

"Haikumwagika?" aliuliza.

Haikumwagika hata punje. Halafu akaniona mdomo, akapiga kelele, akaivua kanga yake begani akanifunga nayo. Jino moja tuliliona pale pale kwenye kigae. La pili lilikatika likabaki shina, na shina hilo lilitolewa hospitali jioni ileile. Wageni waliokuwa ndani waliambiwa nimeteleza, nimechubuka mdomo, nimekwenda kupumzika. Waliila pilau. Niliambiwa baadaye kwamba walisema haijapata kutokea.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kliniki moja ya meno hapo Karama, juu ya duka la miwani. Daktari alikuwa Mmalayali, Mhindi wa Kerala, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Alinichorea kwenye karatasi. Njia ya kwanza, sahani ya plastiki yenye meno mawili, ya kuvaa na kuvua, dirhamu mia sita. Njia ya pili, daraja, ambapo angeyachonga meno yangu mazima ya pembeni ili yabebe yale ya bandia katikati. Njia ya tatu, kupandikiza: skrubu ndani ya mfupa wa taya, kungoja miezi minne au mitano mfupa uishike, kisha jino la kauri juu yake. Hilo, alisema, ungelisahau kama ni la kununua. Elfu tano na mia tano kwa jino moja. Nilimuuliza kama kwa mawili anapunguza, akacheka akasema mfupa haujui kupunguza bei.

Mume wangu alikuwa akilipwa elfu mbili na mia nane kwa mwezi, na kodi ya chumba ilikuwa inakula nusu. Bima ya kazini kwake ilikuwa ya homa na mafua. Alinisikiliza, akasema, "Inshallah." Kwa mtu wa Unguja neno hilo lina maana nyingi, na mimi mke wake nilijua hii ilikuwa ipi.

Nilijaribu sahani kwa siku tisa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nayo, akiiweka usiku kwenye glasi juu ya kabati, na mimi utotoni sikuweza kunywa maji katika nyumba ile. Siku ya tisa ilinidondokea kwenye sinki nikisafisha samaki, ikachanganyika na magamba. Niliiosha, nikaifunga kwenye karatasi, nikaitia kwenye droo. Siku ya pili nikaingia Naif nikanunua ninja.

Ninja ndilo jina tuliloipa nikabu, kitambaa cheusi cha kufunika uso na kuacha macho. Zamani nilivaa buibui na mtandio tu kama wanawake wengi wa kwetu. Sikuivaa ninja kwa ajili ya Mungu, na Mungu analijua hilo kuliko mtu yeyote. Niliivaa kwa ajili ya meno. Nilidhani nitaivaa mwezi, miezi miwili, mpaka tuone la kufanya.

Sikufikiri watu wataielewa vipi. Niliteleza, nikanusurika, na baada ya siku chache nikaonekana nimejifunika uso. Wanawake wa Al Baraha walijumlisha wenyewe: yule kaweka nadhiri. Kwa kawaida mwenye ninja akiingia kwenye shughuli ya wanawake watupu, huiinua akaitupa nyuma, akala na akacheka na wenzake. Mimi sikuiinua. Wakaona nadhiri hiyo ni nzito kweli. Bibi mmoja mzee, ambaye neno lake kwa familia zile lilikuwa kama hukumu ya kadhi, aliniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, ni nadhiri?" Nilinyamaza nikainamisha macho. Akanishika kichwa akaniombea dua.

Ilipoletwa sinia wakanisogeza nile. Nikasema nimefunga. Kwa bahati yangu ilikuwa Alhamisi, siku ya funga ya sunna.

Basi nikawa mcha Mungu. Mabibi harusi wakaanza kutaka mkono wangu tu, ati una baraka. Palipokuwa na wachoraji wawili niliitwa mimi, na aliyekuwa hodari kuliko mimi, msichana wa Mombasa mwenye maua ya Kihindi yanayopanda mpaka kwenye kiwiko, akabaki akichora majirani. Nilikuwa nachora kimya, kwa sababu bila meno ya mbele herufi nyingi zilinitoka na upepo. Nao ukimya wakauhesabu katika ibada.

Mtu mmoja tu katika watu wetu alijua ukweli, ukimtoa mume wangu. Wifi. Alikuwa ameliokota jino langu kwa mkono wake.

Nilimwogopa kwa hilo, na kumwogopa mtu na kumchukia si mbali. Kila tulipokaa pamoja na wanawake nilingoja alitoe. Wifi na wifi hutaniana, ndiyo desturi yetu, na yeye alikuwa na ulimi. Alinitania kwa wembamba wangu, kwa Kitanga changu, kwa kaka yake kunioa bila kuuliza. La meno hakuligusa. Nikasema moyoni, analiweka akiba.

Mwaka uliofuata ndipo alipopandikiziwa jino lake.

Nilijua siku alipolionyesha. Tulikuwa kwake wanawake kama kumi na mbili, alasiri, tunakunja sambusa za Ramadhani. Akasema, "Njooni nkuonesheni kitu," akavuta shavu kwa kidole kimoja, akafungua mdomo kama anayemwimbia daktari. Wakapanga foleni. Kila mmoja alisogea akachungulia kule gizani na tochi ya simu, akasema mashallah. Mimi pia nilichungulia, ningefanyaje. Lilikuwepo, jeupe, limekaa pale nyuma ambako hakuna mwanadamu atakayelisalimu. Elfu sita, alisema. Lake lilikuwa na bei zaidi kwa sababu daktari wake alikuwa Jumeirah, kwa matajiri.

Roho iliniuma hata nikasahau kukunja. Mimi nilikuwa nakula maembe kwa kuyakata vipande vidogo kama ya mtoto. Nilikuwa sijacheka mdomo wazi mwaka mzima na zaidi. Na yeye, ambaye alikuwa na meno yote ya mbele yamejipanga, kanunua la kutafunia mifupa! Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Kisha akanisogelea, akanikumbatia mbele ya wote, akasema, "Nashukuru, wifi. Nyie na kaka mmenisaidia sana."

Nikasema amina. Sikuwa najua anazungumza nini.

Nilimuuliza mume wangu alipoingia tu mlangoni, kabla hajavua viatu.

"Umempa dada yako hela ya jino?"

"Nimemchangia. Elfu moja na nusu tu."

"Na mimi?"

Akakaa kitandani, kwa kuwa chumba kile hakikuwa na pengine pa kukaa. "Wewe umejifunika, mke wangu. Hakuna anayekuona. Yeye alikuwa anashindwa kutafuna."

Alilisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniua. Kama angefoka ningepata pa kushika.

"Hakuna anayeniona," nikasema. "Wewe je?"

"Mie nshakuzoea. Na dada nnaye mmoja."

"Na mke unao wangapi?"

Akainama akavua viatu. Ni mtu mwema, kaka mwema hasa, na kwao kaka asiyemchangia dada yake akiwa na ugonjwa hata shangazi zake watampigia simu toka Unguja kumuuliza. Nililijua hilo, na halikunipunguzia kitu. Mwezi mzima sikukanyaga Al Baraha. Wifi aliniletea sambusa kupitia kwa mume wangu, nikazila zote kwa magego, kwa hasira.

Lile jino lilinitawala. Nilipokwenda tena kwake, kwa sababu ya Idi na kwa sababu nililazimika, nilikuwa namtazama anavyotafuna. Alikuwa akipeleka kila kitu upande wa kulia: karanga, mfupa wa kuku, kokwa ya ukwaju. Siku moja alimaliza juisi akabaki anatafuna barafu. Barafu! Nilisikia taya yake inavyonguruma, nikatoka nikaenda kusimama roshani, nikatazama watu wanavyoshusha magodoro kwenye pikapu mpaka nikapoa.

Ndipo nilipoamua. Si kwa sababu ya uso wangu tena, nakiri. Niliamua ili siku moja nisimame mbele ya yule mwanamke nicheke, anione.

Nilianza kuweka fedha za mabibi harusi kwenye kopo la unga wa hina, chini ya unga, kwenye mfuko wa nailoni. Mume wangu alipoliona kopo limejaa hakuuliza. Alianza na yeye kutia humo noti moja moja, bila kusema, na mimi bila kumshukuru. Wateja waliongezeka. Wengi wakipiga simu walisema, "Wifi yako katwambia tukutafute wewe." Nikaona ananipa kwa mkono wa kushoto, ananilipa vijisenti kwa ngazi zake za sabuni. Nilizichukua kazi zote.

Nilirudi kwa Mmalayali baada ya karibu miaka miwili toka kuanguka. Alinipiga picha, akaitazama kwa muda, akasema mfupa umepungua. Jino likitoka, mfupa uliokuwa unalishika hauna kazi tena, unayeyuka kidogo kidogo. Ningekuja mapema ingekuwa rahisi. Sasa kabla ya skrubu lazima ajazie unga wa mfupa, na huo una bei yake juu ya ile ya mwanzo, elfu mbili nyingine. Nilikaa kwenye kile kiti kinacholala nikamfikiria wifi, kwamba elfu moja na nusu zile za mume wangu zingeuwahi mfupa wangu. Huenda isingekuwa hivyo. Lakini ndivyo nilivyofikiri, na daktari alipouliza kwa nini nalia nikamwambia ni ile taa.

Unga uliwekwa. Nikangoja. Skrubu zikawekwa, na mshindo wa ile mashine nikausikia kwenye mboni za macho. Nikangoja tena miezi mitano, chini ya ninja, na vyuma viwili kwenye ufizi, nikichora maua mikononi mwa watoto wa watu. Halafu siku moja ya Februari nikashuka zile ngazi za kliniki nikiwa na meno. Nilikwenda mpaka kituo cha metro nikakaa kwenye benchi nikiyapitisha ulimi, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Treni tatu zilipita sikupanda.

Kwa watu wetu sikuwaambia. Nilikuwa naingoja siku yangu, na ilikuja baada ya wiki mbili: siku ya hina ya mjukuu wa yule bibi mzee, Al Baraha, wanawake watupu, wifi yangu yumo kwenye kupika. Nilipaka wanja. Niliingia, nikatoa salamu, nikafika katikati ya chumba, nikaishika ninja kwa mikono miwili nikaiinua nikaitupa nyuma. Nikacheka.

Nilizunguka na kicheko changu kuwaonyesha wa kila upande. Nilichokiona kwenye nyuso zao hakikuwa nilichokitarajia. Walikuwa wananitazama kwa huruma kidogo, kama unavyomtazama mtu aliyekuwa anapanda akashuka. Mmoja akamnong'oneza mwenziwe. Na hapo ndipo nilipofahamu kosa langu, nimesimama pale na dirhamu elfu kumi na tatu mdomoni. Hakuna aliyejua kama niliwahi kukosa meno. Mwanamke mwenye meno amefungua mdomo, kuna nini hapo? Walichokiona ni ninja tu iliyoondoka. Meno yangu ya mbele yalikuwa hayaonekani kama la wifi la nyuma. Na zaidi ya lake, kwa sababu lake angalau walilipangia foleni.

"Umeitimiza nadhiri yako, mwanangu?" aliuliza yule bibi.

"Nimeitimiza, bibi."

"Alhamdulillahi. Njoo hapa nkutazame." Akanishika kidevu. "Kumbe u mzuri. Tazameni meno haya, ya kuzaliwa haya. Si kama hayo yenu ya kununua kwa maelfu." Na akamnyooshea kidole wifi yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli la mchuzi. "Wewe ungemwiga wifi yako. Katunza alichopewa na Mola wake."

Wakacheka wote. Wifi alikuwa na ulimi, nimeshasema. Neno moja tu lingetosha: ya kununua hayo, bibi, na kakudanganya miaka yote. Lingenimaliza mimi, na mkono wangu wenye baraka, na kazi yangu. Niliona linamfika mdomoni. Alinitazama, akatazama bakuli lake, akasema, "Kweli, bibi. Mie nilikula sukari sana." Akarudi jikoni.

Nilimchora bibi harusi mkono wa kwanza. Maua yalitoka mabovu. Nilipopumzika nikamfuata.

Alikuwa peke yake anapanga kashata kwenye sahani. Hakugeuka. Alichagua moja, ile ngumu ya ukingoni iliyoshika sufuria, akanipa.

"Ng'ata. Kwa mbele."

Nikang'ata. Ilikatika. Akanishika kidevu kama yule bibi, lakini yeye alinigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akanipandisha mdomo wa juu kwa kidole gumba, akatazama mpaka kwenye ufizi. Mikono yake ilinuka iliki.

"Tangu siku ile," alisema, "ngazi naziosha kwa maji matupu."

Nilimeza kashata. Aliniachia. Akapangusa kidole kwenye kanga, akaendelea kupanga sahani yake, na nilipokuwa nakaribia mlango akasema kwa sauti ndogo, akiwa amenipa mgongo:

"Mazuri kuliko langu."

Ndilo neno nililokuwa nalitafuta muda wote huo, na lilikuwa limesemwa jikoni, na mtu mmoja, aliyenifichia siri yangu dakika chache tu kabla. Mtu mwenye haya angelipokea akaondoka. Mimi niligeuka nikamwambia sikusikia vizuri, hebu arudie.

Nilikuwa nimesikia.